Magugu ya Shamba la Ulezi

Ndugu yangu, mvua imenyesha hapa Igoma, ulezi wa bibi umeota nyuma ya nyumba yangu, na tangu uote sina raha. Ndiyo mbegu yake ya mwisho. Tuliikuta kwenye kibuyu juu ya jiko lake kule Nansio, tulipokwenda kubomoa nyumba baada ya msiba. Nikaimwaga yote, tena kwa kuitawanya kama alivyozoea yeye, bila mistari. Laiti ningejua!

Unaukumbuka ugali ule mweusi, mzito, kwa dagaa wa kukaanga? Mgeni wa maana alipikiwa huo. Mwanamke aliyejifungua alinywa uji wa ulezi kabla ya kitu kingine chochote. Asubuhi niliamshwa na jiwe la kusagia likikwaruza, bibi akiguna kwa kila msukumo. Siku tukila wali alitutania, "Haya, mmeshiba. Lakini mmekula?"

Sasa, liko gugu ambalo likiwa changa huwezi kulitofautisha na ulezi. Bibi alichuchumaa, akabana kila shina kwa kidole gumba pale chini kabisa, akang'oa hili, akaacha lile. Sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa. "Mtanimalizia mbegu!" Kazi yetu ilikuwa kusimama kando na kuyabeba magugu kwenda kuyatupa, na tuliifurahia mno.

Leo nimechuchumaa mimi. Mashina mengine ni bapa, mengine yana mviringo. Bibi aliacha yapi? Nimebana, nimenusa, jasho linanitoka. Nikiliacha gugu, litausonga ulezi. Nikikosea, nitakuwa nimeing'oa mbegu ya bibi kwa mikono yangu. Nikamwita jirani, mama mtu mzima wa Kagera, ambaye kwao pia walilima ulezi.

"Shikamoo mama. Hebu niangalizie, magugu hapa ni yapi?"

"Marahaba mwanangu." Akainama, akabana shina moja, akaliachia, akabana jingine. Akainuka. "Mwanangu, hata mimi nilikuwa nabeba tu."

Tulicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Nyumba imebomolewa, jiwe sijui limekwenda wapi, na hayo nimeyazoea. Vile vidole vya bibi ndivyo vinavyoniuma. Manyunyu yameanza tena na majani yote yanarefuka pamoja. Nasi tumesimama kando ya kishamba, mikono mitupu, kama tunaomsubiri bibi atupe cha kubeba.