Skrubu Isiyo na Kichwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinimwagia mezani skrubu ndogo kama punje za mchele, akaniambia nizipange.

"Nizipange vipi, mzee?"

"Ukijua hilo, utakuwa fundi."

Ilikuwa katika duka moja katikati ya Nairobi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimetengeneza cherehani Mombasa miaka mingi, nikajiona najua vyuma. Hapa tulitengeneza magari madogo ya kuchezea yanayoendeshwa kwa redio, mengi yakiletwa na wakubwa wa Karen na Kitisuru, mitaa ya matajiri.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe. Mota ina shafti, kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na shafti huvalishwa pinioni, yaani giya ndogo inayozungusha giya kubwa ya magurudumu. Pinioni hushikwa na skrubu moja tu isiyo na kichwa, inayozama yote ndani ya tundu la ubavuni mwa pinioni. Ikiwa ndefu, ncha hubaki nje na kukwaruza giya kubwa. Ikiwa fupi, haishiki vizuri. Zaidi ya hayo, giya nyingine zilitoka Uingereza na nyingine Japani, na thredi zao, ile mifereji inayozunguka skrubu, hazikulingana. Ukitia ya Mwingereza kwenye tundu la Mjapani, huingia raundi mbili kisha hukwama. Mgeni wa kazi hudhani imefika.

Nami nilidhani imefika.

Gari lilikuwa la Mwalimu Wekesa, aliyefundisha sayansi katika shule moja ya Westlands. Alilipeleka uwanjani siku ya wazazi, mbele ya shule nzima. Mota ikalia, gari halikusogea. Jumatatu aliliweka mezani kwetu, akaondoka.

Fundi Mkuu alilifungua. Pinioni ilikuwa inazunguka ovyo kwenye shafti.

"Nani alifunga hii?"

Tulikuwa mafundi wanne, na kitabu cha kazi hakikuonyesha jina. Mimi nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Nikasema, "Ni mimi, mzee."

Akanisukumia gari. "Basi chukua vifaa. Utalitengeneza mbele ya Mwalimu, na utamwambia ulikosea wapi."

Nilimkuta Mwalimu darasani, wanafunzi wake wakiwa wameketi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Nao wasikie."

Nikawaonyesha thredi zilizoharibika. Tundu lilikuwa limechakaa, kwa hiyo nilifunga pinioni mpya. Nikapiga tupa shafti upande mmoja ipate ubapa wa kukalia skrubu. Safari hii niliingiza skrubu kwa vidole kwanza, ikateleza hadi mwisho bila kulazimishwa, ndipo nikakaza. Gari likakimbia chini ya madawati, na darasa zima likasimama kulifuata. Mwalimu akanipa mkono. "Fundi, karibu tena," akasema. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniita fundi katika mji ule.

Nilistaafu nikiwa Fundi Mkuu wa duka lilelile. Watu huniuliza kama sikuona haya, mtu mzima kuishi kwa vitu vya kuchezea. Huwajibu kwamba nimemwona jaji akiwa amepiga magoti kwenye nyasi za Kitisuru, suti imejaa vumbi, akimwomba mkewe zamu moja zaidi ya kuendesha gari.