Daftari Lililonuka Dagaa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, Mwasiti Huseni alipita stendi ya malori mjini Sumbawanga, khanga ameitanda juu ya sweta, akawauliza madereva wanakoelekea. Akishajua, alichomoa bahasha ya kaki kapuni na kumkabidhi dereva wa njia hiyo mkononi.

"Dada, huyu mchumba wako wa Kipili hajajibu tu?" alimtania Lukmani, binamu yake aliyeendesha lori la chumvi.

"Kajibu. Kasema unazikalia barua zake mpaka zinapinda."

Madereva walicheka, na Lukmani akaisogeza bahasha mbali na kiti chake.

Mchumba hakuwapo; bahasha zilikuwa za walimu wa vijijini. Mwasiti alikuwa karani wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1975 walimu wa kisomo walitawanywa vijijini kote Ufipa, wengi wao bila mwongozo wala mwenzao wa kumwuliza. Mwasiti akatafuta daftari kubwa, akalituma lizunguke kwa malori. Kila mwalimu aliandika lililomshinda na lililomfaa, akalipeleka mbele. Sharti lilikuwa moja: chini ya ukurasa aweke sahihi na mhuri wa shule, ili mwenye swali ajue pa kuuliza. Siku zile karatasi isiyo na mhuri haikusadikiwa na mtu.

Daftari lilirudi baada ya miezi minne, limevimba na linanuka dagaa. Mwasiti alilisoma lote siku hiyohiyo. Mwalimu mmoja alieleza jinsi bibi wa darasa lake walivyokataa kushika penseli mpaka alipowaanzishia majina ya wajukuu. Kisha ukaja ukurasa wa Leonardi, mwalimu wa Kipili.

"Darasa langu la mchana lilikuwa tupu," aliandika. "Wavuvi wanakesha ziwani, mchana wamelala. Niliogopa, nikajaza mahudhurio ya watu arobaini kwa miezi mitatu. Sasa nafundisha saa kumi jioni, wakiwa wanashona nyavu. Wanakuja kweli."

Walimu wengine wawili wa mwambao wa ziwa walikuwa wameijaribu saa kumi yake, nao wakaandika kwamba imewafaa.

Wiki iliyofuata, Ndugu Fanueli, afisa wao, aliingia ofisini akitabasamu. Habari za daftari zilikuwa zimefika Dar es Salaam. Mgeni wa makao makuu ya mradi wa kisomo angekuja Alhamisi pamoja na mtaalamu wa kigeni, waone kama mpango huo ungefaa nchi nyingine.

"Liweke mezani walisome," alisema. "Na mimi nitapitia majina, nipendekeze walimu hodari. Umetuletea heshima, Bi Mwasiti."

Mwasiti alishukuru, lakini akaukumbuka ukurasa wa Leonardi. Mwezi uliopita Ndugu Fanueli huyuhuyu alimfukuza kazi mwalimu aliyeghushi mahudhurio. Hakuwa mtu mkatili. Takwimu zile zilikwenda mkoani kwa sahihi yake, naye alikuwa amehamia hapa kutoka Mbeya na watoto watano wa kulisha.

Jumatano mchana, wenzake walipokwenda kula, Mwasiti alifikiria kuung'oa ukurasa wa Leonardi. Lakini ndio uliowafaa walimu kuliko yote. Alifikiria kukata jina lake peke yake, akaona ni sawa na kumnyooshea kidole. Basi akachukua wembe, akaanza ukurasa wa kwanza. Walimu walikuwa wameandika upande mmoja tu wa karatasi, kwa hiyo hakuna neno lililopotea. Alikata sahihi na mihuri yote, hamsini na mbili, akavitia vipande kwenye moto wa jiko la chai.

Alhamisi, Mama Elizabeth wa makao makuu alisoma kwa makini, akimfasiria mtaalamu wa kigeni aliyeketi kando yake. Kwenye ukurasa wa saa kumi jioni alisimama muda mrefu, akaunakili wote. Kisha akainua karatasi hiyo, na kupitia tundu la chini akauona uso wa Ndugu Fanueli, ambaye tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Hii ni mali ya serikali," Ndugu Fanueli alisema polepole. "Mimi sijui habari za kukatwa huku."

Mama Elizabeth alimgeukia karani aliyesimama mlangoni na birika la chai.

"Nani amezikata hizi sahihi?"

"Mimi, mama," alisema Mwasiti. "Niliwaambia walimu wanaandikiana wao kwa wao, hawawaandikii wakubwa."