Court-circuit Haina Mikono

Demarere ya tatu iliungua Jumapili asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba ya pili ndiyo ya mwisho. Demarere ni kile kidude cheusi kinachokaa ubavuni mwa mota ya frigo na kuiamsha. Nilikigeuza kiganjani, kinanuka kama kwato iliyochomwa, nikaanza kutukana peke yangu jikoni.

Msiniambie ninunue frigo mpya. Hizo mpya zina mlango unaong'aa na mota ya kuchezea watoto. Wala msiniambie niite fundi. Fundi wa mwisho kuingia kwangu alibeba mota nzima, eti anakwenda kuipima, akarudisha nyingine yenye kutu, akanitazama machoni na kusema ni ileile. Mwizi. Tangu hapo nafungua mwenyewe. Shule niliishia mwaka wa nne wa msingi, lakini waya una ncha mbili tu na macho ninayo mawili. Pasi nimeitengeneza. Resho la umeme la kupikia nimeliunga spirali mara sijui ngapi.

Ila kitu kikifa mara tatu kwa ugonjwa mmoja, ugonjwa hauko ndani yake. Nikaufuata waya. Ukapanda ukuta, ukapita juu ya mlango, ukatoka nje hadi kwenye sanduku la mita, ukutani kwa shemeji yangu. Lupango letu, ua huu mmoja, lina nyumba tatu: yangu, yake, na ya mpangaji wake, mama mmoja anayepikia resho mbili kwa pamoja. Sote tunapata umeme kutoka sanduku hilo moja. Nikazima swichi kubwa, nikafungua.

Mle ndani panatakiwa fizibli, uzi mwembamba unaokatika wa kwanza mzigo ukizidi, ili vingine vipone. Nilikuta shaba. Nene kama njiti ya kiberiti, imekunjwa vizuri, inang'aa. Ndivyo tulivyo hapa Likasi. Kwingine watu wanatafuta waya, sisi shaba tunalala nayo chini ya kitanda, basi tunaitia kila tundu, hata pale isipotakiwa. Mzigo ukizidi umeme unalegea, mota inashindwa kuamka na demarere inaungua, lakini waya ule usingekatika hata nyumba ingeungua yote.

Najua, maana yangu iliungua. Miaka sita iliyopita, tukiwa wapangaji upande wa barabara ya Kambove, mume wangu akiwa bado analijenga lupango hili. Mimi nilitoka, na mkono huu umebaki umekunjamana hadi kiwiko. Mume wangu alirudi ndani kutafuta karatasi zake za kazi, hakutoka. Msibani kila mtu alisema: ni court-circuit, nyaya zimegusana. Court-circuit imemuua, court-circuit haina huruma. Waliitaja kama mtu mwenye ukoo wake Kakanda, siku moja atakamatwa apelekwe gereza la Buluo. Court-circuit haina mikono! Shaba iliyokuwa kwenye sanduku lile iliwekwa na mwenye nyumba, kwa koleo lake, kwa sababu alichoka kugongewa mlango na wapangaji. Nilimtaja mbele ya jeneza. Wakaniambia ninyamaze, ni uchungu unaonisemesha.

Na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alilibeba jeneza lile upande wa mbele.

"Bulamu," nikamwita, ndivyo tunavyowaita mashemeji huku. "Hii shaba, nani aliweka?"

Alikuwa ananyoa ndevu mlangoni pake. "Minye mwenyewe. Courant ilikuwa inakatika kila saa. Nikamaliza matatizo."

"Ulimaliza fizibli. Matatizo iko, inakungojea."

"Weye na hiyo frigo yako! Uko ingénieur?"

"Diplôme yangu ni huu mukono. Uangalie."

Hakuuangalia. Nikaing'oa shaba, mahali pake nikafunga nyuzi mbili nyembamba kama nywele, kutoka waya wa pasi ya zamani, nikawasha swichi. Nikamwambia kuanzia leo watu watapika kwa zamu. Povu likiwa bado shavuni, akafoka, "Hii lupango ni ya kaka yangu!"

"Kaka yako iko wapi?"

Akarudi kwenye kioo chake.

Saa sita mchana, pap, umeme ukakatika nyumba zote tatu. Mpangaji akatoka mbio na mwiko wa bukari, ndio ugali wetu, mkononi, unga umemjaa hadi nyusi.

"Yaya, dada yangu! Bukari yangu imelala mu maji! Leo njo uliamua batoto bangu bakufe na njala?"

"Uzime resho moja."

"Moja ya bukari, moja ya majani ya sombe. Unataka sombe iive kesho?"

Shemeji naye akaja, safari hii na koleo, na kipande kingine cha shaba. Nikasimama mbele ya sanduku, mgongo wangu ndio mlango wake. Kwa maneno nisingewaweza, walikuwa wawili na wana njaa. Nikamshika yule mama mkono, nikamvuta hadi chumbani kwake, nikakibandika kiganja chake ukutani juu ya soketi. Rangi pale ilikuwa imegeuka kahawia. Chini yake kuna kitanda cha watoto.

Akauchomoa mkono. "Iko moto!"

"Tangu lini?"

"Siku mingi. Nilizania ni jua."

"Jua mu ukuta, mama?"

Shemeji akagusa. Akagusa tena, chini kidogo, palipo na mto wa mtoto. Koleo likaingia mfukoni, akatoka, na hadi leo hanisalimii.

Mpangaji alikivuta kitanda hadi katikati ya chumba. Kisha akatoa mbabula uani, jiko lake la makaa, akaja kuniomba makala ya kulitia, mimi huyuhuyu, akawasha moto na kuinjika sufuria. Alinitukana mpaka bukari ikaiva.