Aliyedhani Kamtia Mumewe Presha

Bi Zulekha wa Micheweni alikuwa na mdomo, na mwenyewe akijua. Akisema pwani kwenye mwani wake, mumewe Mzee Talib humsikia toka kondeni. Lakini huu ni mwezi wa tatu amenyamaza, na sababu ni kamba.

Talib alizichukua kamba za mkewe za kufungia mwani, mpya kabisa, akafungia mbuzi. Zulekha akamtolea maneno tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Wiki ileile Talib akashikwa na kizunguzungu, akapimwa, presha mia na themanini. Majirani, watu wasiokosa la kusema, wakapitisha hukumu: "Kamtia presha mumewe." Neno likamchoma Zulekha. Tangu hapo Talib akikosea, yeye hutabasamu, kisha huenda kulia jikoni. Alimpenda yule mzee, akaogopa kelele zake zitamwua.

Siku ya kliniki alifuatana naye. Muuguzi Ruweida akafunua kadi ya mwaka juzi, Talib alipojikata panga mguuni.

"Mbona hapa ilishafika mia na sitini na nne, mzee? Uliambiwa urudi."

"Haikuniuma, mwanangu."

"Presha haiumi. Mishipa hukakamaa kidogo kidogo, miaka na miaka. Chumvi nayo huzuia maji mwilini, moyo ukawa kila siku wasukuma kwa nguvu. Wala nini nyumbani?"

"Ng'onda," akajibu Talib. Samaki wa chumvi, asubuhi na jioni, tangu ujana wake.

Zulekha hakuweza tena kujizuia. "Kwa hiyo si ugomvi wangu wa mwaka huu?"

"Ugomvi huipandisha kwa muda, Bi Zulekha, kisha ikashuka. Hii ilikuwapo kabla hujasema neno."

Zulekha akalia palepale mbele za watu, kwa raha, akamshukuru Mungu asijue aishie wapi.

Jioni aliandaa muhogo na samaki mbichi. Talib akaonja, akakunja uso, mkono ukaelekea kwenye kopo la chumvi.

"Wee mzee! Weka chini hilo kopo! Presha umeificha miaka miwili, mie nalia jikoni kama mfiwa, leo tena wataka chumvi? Na kamba zangu zi wapi?"

Talib akaliweka kopo chini taratibu. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Alhamdulillah," akasema. "Miezi mitatu hii nikidhani mke wangu kanichoka."