Rili ya Mbio kwa Chewa wa Mawe ya Ayja

Wiki iliyopita mdogo wangu wa pili alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa mji wa Ibra, amesimama dukani mbele ya rili tatu za kuvulia, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi, na chini ya picha ameandika: "Kaka, nataka ya chewa wa kwenye mawe. Hii kubwa si ndiyo?" Nilicheka peke yangu. Nikamjibu kwamba hiyo kubwa amwachie anayekwenda maji marefu kufuata jodari, yeye achukue ile ya kati, yenye mbio. Halafu nikaiweka simu, na chai ikapoa mezani bila ya mimi kuigusa, kwa sababu nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa nimerudi Sur ya utoto wetu, pwani ya Oman, nina rili moja mkononi na mawe ya Ayja chini ya miguu.

Kama hukuiona Sur ya siku zile, nikueleze kidogo. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia mpaka katikati ya mji. Asubuhi ilinuka ngisi waliotandazwa kukaushwa na mkate wa kumimina wa bibi. Bibi yetu, mama yake mama, alizaliwa Unguja akaja Oman mtu mzima, na ndani ya mlango wake kilisemwa Kiswahili tu. Ukishavuka kizingiti, haya, sema Kiarabu chako. Alikuwa mshoni. Alikuwa na cherehani cha mkono, kile cha kuzungusha kwa mpini, na kazi yangu tangu udogo ilikuwa kuuzungusha mpini ule huku yeye akiongoza kitambaa kwa mikono miwili. "Pole pole kwenye kona," akiniambia. "Ukiona mstari umenyooka, twende." Basi kiganja changu kilijua kabla ya akili yangu: mpini ukizunguka mara moja, sindano inapanda na kushuka mara nyingi.

Baba na mama walifariki katika ajali ya gari wakitoka Mudhaibi. Tukabaki wanne: mimi mkubwa, wavulana wawili, na mdogo wetu wa kike ambaye bado alikuwa akilala na bibi. Niliacha skuli. Hakuna aliyeniambia niache. Niliamka siku moja nikaenda soko la samaki kuosha masanduku ya barafu, na kesho yake nikaenda tena.

Sasa nikueleze habari ya sahani. Majirani zetu wa Kisuri walikuwa na desturi ambayo sisi nasi tulikuja nayo kutoka Unguja: ukiletewa sahani ya chakula huirudishi tupu. Unatia chochote, tende, vitumbua, kipande cha halua, ndipo mtoto aipeleke. Baada ya msiba zilikuja sahani kila siku, harisi ya ngano na nyama, wali wa nyama, mikate myembamba ya rakhali iliyokunjwa kama leso. Bibi alizirudisha na tende. Tende zikaisha. Akazirudisha na vitumbua, na unga nao ukawa wa kuhesabia. Mwisho akaona haya kuzipeleka hivi hivi, akawa anazisafisha na kuzipanga jikoni, za maua mekundu na za buluu. Zilirundikana. Nyumba ya pili ilifika hadi ya kutuletea chakula kwenye sufuria, maana sahani zao zote zilikuwa kwetu, na wala hawakuziulizia. Bibi alipita mbele ya zile sahani bila ya kuzitazama.

Ami yetu, ndugu wa baba, alikuja kutoka Nizwa kabla ya Ramadhani. Hakuwa mtu mbaya, naomba ulijue hilo. Alikaa, akanywa kahawa, akasema kwa upole kwamba mzigo umemzidi bibi. Mtoto wa kike atamchukua yeye, wavulana wawili watakwenda Ibra kwa shangazi, na mimi nibaki Sur na bibi. Bibi alishika ushungi wake. Mimi ndiye niliyesema kwamba hatutengani, nitawalisha. Ami akaitazama mikono yangu iliyochubuliwa na barafu.

"Mwanangu, mnakula sahani za watu," alisema. "Nitakuja na gari tupu Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Nikiikuta nyumba hii inajilisha, nitanyamaza. Nisipoikuta, gari litaondoka na watoto."

Usiku ule mdogo wetu alimuuliza bibi kama Nizwa kuna bahari. Bibi akamwambia hakuna, na mtoto akavuta shuka akajifunika uso.

Kutoka sokoni nilipata vidagaa na vichwa, chakula cha nusu chungu. Lakini upande wa pili wa hori, Ayja, chini ya miamba, walikaa chewa. Waarabu wanamwita hamuri. Samaki mmoja wa pale aliweza kulisha nyumba siku kadhaa na kipande kikauzwa. Ubaya wake ni makazi yake. Chewa hazururi, anakaa mlangoni mwa pango lake. Chambo kikipita hutoka, hukidaka na hugeuka hapo hapo kurudi ndani, na akishaingia hutanua mashavu na mapezi, akawa kama kabari iliyopigwa nyundo. Hapo vuta utakavyovuta, utakatika mshipi au utakatika wewe.

Jirani yetu mvuvi, mzee wa Kisuri mwenye sauti ya kuitia ng'ambo, aliniazima rodi yake, ile fimbo ya kuvulia, na rili moja kubwa kama birika. Nilivua nayo wiki zote za mwanzo wa Ramadhani, kati ya alasiri na adhana, mdomo mkavu. Chewa walidaka. Mimi nikafanya kama nilivyofunzwa na marehemu babu, mume wa bibi, kwa mshipi wa mkono, ambavyo ndivyo walivyovua wao samaki wa changu huko Unguja: mwache ameze, mpe nafasi, ndipo uvute. Nikampa nafasi, naye akenda zake kwao. Nikaacha kumpa nafasi, nikazungusha mara tu alipodaka, na rili ile ikawa inavuta kwa nguvu za ng'ombe na kwa mwendo wa ng'ombe. Kila siku nilirudi na mshipi uliokatwa na mawe. Mvuvi alikuwa akinisubiri kwenye ngazi za hori.

"Ya walad, we kijana, leo umewalisha tena?" aliniuliza. "Wale samaki wanakupenda. Wamenenepa."

Nilikuwa nimeweka ujira wangu wa sokoni tangu zamani, na ulitosha rili moja tu. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole wa Malabari, hakurudisha kitu kilichokwisha kuonja maji ya chumvi. Kwa hivyo nikikosea, nimekosea, na Idi inakuja. Nilimwambia bibi nakwenda kununua rili. Hakuniuliza ya namna gani. Aliniuliza nitaipimaje.

Nilikaa na swali lile njia nzima mpaka nikarudi nyumbani kuchukua kibiringo cha uzi wake.

Dukani alikuwepo yule mvuvi pia, amekuja kunisimamia nisidanganywe. Mwenye duka alitoa tatu. Mvuvi alinyanyua kubwa kabisa akaniwekea mkononi, akasema mwanamume hununua nguvu. Mwenye duka alisema ile ndogo ya mbio itanichosha mkono, kwa sababu kila mzunguko wake ni mzito, sawa na baskeli iliyowekwa gia ya barabarani halafu ukapandia kilima. Wote wawili walikuwa na haki. Mimi nikamuomba mwenye duka ruhusa, nikafunga uzi wa bibi kwenye rili ya kwanza, nikauvuta mpaka mlangoni, nikatia alama kwa mate na vumbi, nikazungusha mpini mara moja tu. Halafu nikaupima ulioingia kwa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama bibi alivyopima vitambaa vya wateja.

Ile kubwa, pamoja na ukubwa wake wote, ilikula dhiraa moja na shubiri. Ndogo ya mbio ilikula zaidi ya dhiraa mbili, lakini nilipoibana kwa kidole gumba nikasikia meno yake yakilia ndani. Ya tatu ilikuwa ya kati. Nayo ilikula zaidi ya dhiraa mbili, mwili wake wa chuma, na breki yake ukiikaza inakaa imekaza. Nilirudia mara nyingine. Mvuvi alicheka mpaka akashika kaunta.

"Leo tumekuja kushona kanzu," alimwambia mwenye duka. "Mpimie na kola."

Nilijua hesabu yangu. Pango la chewa lilikuwa dhiraa mbili kutoka anapodakia, au pungufu. Sikuhitaji kumshinda nguvu, nilihitaji mzunguko mmoja kabla hajageuka. Uzito wa mpini sikuuogopa. Mkono wangu ulikuwa umezungusha cherehani miaka yote ile, majora ya kitambaa, sare za mtaa mzima. Nikachukua ya kati. Nikamuomba anitilie mshipi mnene kabisa unaoweza kuingia, hata ukiwa mfupi, kwa sababu chewa wa mawe hakimbii mbali.

Alhamisi ya kabla ya Ijumaa ya ami nilisimama juu ya miamba ya Ayja jua limelala upande. Maji yalikuwa yanajaa. Breki niliikaza mpaka mwisho. Nikatia kipande cha ngisi, nikakishusha kando ya pango, na mvuvi akakaa nyuma yangu na kulabu yake magotini, akitafuna tende na kunipa habari za samaki aliowakosa mwenyewe utotoni mwake.

Chewa alipodaka sikufikiri. Mkono ulizunguka wenyewe. Nilisikia uzito wake wote ukija juu, rodi ikainama mpaka ncha ikagusa maji, na mpini ukawa mzito kama bibi ameweka tabaka sita za jinzi chini ya sindano. Nikazungusha tena. Kisha tena. Samaki alijipinda kutafuta mlango wake na mlango wake ulikuwa umeshabaki chini. Nyuma yangu tende zilimwagika.

"Usisimame," mvuvi alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Usisimame, mwanangu."

Sikusimama. Chewa aliibuka, mdomo wazi, madoa ya kahawia ubavuni, mvuvi akashuka kwenye mwamba kwa makalio yake na kumpiga kulabu. Nilipombeba begani mkia wake ulinigonga nyuma ya paja njia nzima. Mvuvi alitangulia mbele akiwaambia watu waliokuja kuchungulia kwamba samaki huyu amepimwa kwa dhiraa.

Bibi hakulia wala hakushangilia. Alikunja mikono ya dera, akanoa kisu, akamkata. Asubuhi ya Ijumaa alimpaka nazi, ndimu na pilipili, akamchoma juu ya makaa ya uani, na moshi ule ukaingia nyumba zote za kichochoro. Halafu akaziteremsha sahani. Zote. Kila sahani ilipata wali wa nazi na kipande kinono, na ndugu zangu watatu wakazibeba wakitoka na kurudi, wakigombania nani apeleke kwa nani. Chungu chetu wenyewe alikipakua mwisho.

Ndivyo ami alivyotukuta. Gari lake, tupu kama alivyoahidi, lilisimama mlangoni, na mdogo wetu wa kike akampita ubavuni na sahani ya maua mekundu, akasema shikamoo bila ya kupunguza mwendo.

"Anapeleka wapi?" ami aliuliza.

"Tunarudisha sahani za watu," bibi alimjibu. "Ingia ule."

Alikula. Alikula kwa vidole, akachambua mpaka shavu la kichwa, na sisi wanne tukimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipomaliza alinawa, akajifuta, akaniangalia mimi.

"Nilikuja kuchukua watoto," alisema. "Naona nitachukua samaki."

Bibi alimfungia kipande kikubwa cha kumpelekea mkewe kwenye sahani yake mwenyewe nzuri, akamwambia asisahau kuirudisha. Ami alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Na aliirudisha, imejaa halua ya Nizwa, na tukaipeleka tena na samaki, na ikaendelea hivyo miaka, sahani ile ikisafiri baina ya Sur na Nizwa zaidi kuliko sisi sote.

Leo miamba niliyosimama ina njia ya kutembea watu jioni, imewekwa taa na mabenchi, na chewa wamehamia mbali. Bibi ametangulia, na mvuvi naye. Chakula cha majirani kinakuja kwenye vibakuli vya karatasi ya bati ambavyo hakuna anayetegemea kurudishiwa, na wanangu wanaelewa Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiarabu. Ninayatamani yale, sitakuficha. Lakini sote wanne tulikulia chini ya dari moja, mpaka kila mmoja akatoka kwa wakati wake na kwa miguu yake. Mdogo wetu wa kike anaishi Nizwa. Alikwenda akiwa mwalimu, na mimi ndiye niliyembebea sanduku.