Gari Dogo, Gari la Kati na Kiti cha Nyuma Kushoto

Zamani kulikuwa na watu wa kukaa nyuma ya gari na watu wa kukaa kwenye usukani, na kila mmoja alijua pake. Siku hizi kila mtu anaendesha. Kinyozi anaendesha huku anajibu simu, mwalimu anaendesha huku anakula, bibi harusi anajiendesha mwenyewe kwenda kuolewa. Ndiyo maana barabara zimejaa magari na dereva humwoni hata kwa tochi.

Mzee huyu alikuwa dereva. Watu walimwita Taratibu, na jina hilo alilitolea jasho. Alianza kama utingo wa lori la saruji, akila vumbi mpaka kope zikawa za kizee angali kijana, na gia alijifunza kwa kuutazama mguu wa dereva, maana mdomo wa dereva yule ulikuwa wa matusi tu. Akapanda mdogo mdogo hadi akakabidhiwa gari la mkurugenzi wa shirika. Mkurugenzi wa kwanza alimwendesha mpaka akastaafu, wa pili mpaka akafukuzwa, na wa tatu mpaka yeye Taratibu mwenyewe umri ukamfika.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake, ambazo leo ukizitaja vijana wanacheka. Dereva hakuuliza. Dereva hakusikia, hata kama bosi anagombana na mkewe mpaka vioo vinatoa jasho. Bosi alikaa nyuma kushoto, mlango ukajibu pu, gari likaondoka. Kwenda wapi? Ofisini. Neno hilo halikuhitaji kusemwa, kama vile mtu hausemeshi moyo wake uendelee kupiga.

Sasa binti yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, akaamua kununua gari. Alikuwa amechoka kutoka zamu alfajiri na kusimama barabarani kama kibao.

"Baba, Jumamosi twende yadi," alisema. "Nimechagua mawili ya kujaribu, moja dogo, moja la saizi ya kati. Nataka jicho lako."

Taratibu aliitikia kwa kukohoa tu, lakini Jumamosi mkewe alimkuta mbele ya kioo akifunga tai.

"Unakwenda kununua gari au kuchumbia?"

"Nakwenda kazini, mama watoto."

"Kazi gani? Wewe umestaafu mpaka suti yako imestaafu."

"Mtoto ana gari. Gari lina nini? Lina dereva."

"Mtoto ana leseni."

"Leseni ni karatasi. Hata cheti cha ndoa ni karatasi, na tazama unavyonisumbua."

Mkewe alicheka, lakini alimtazama kwa muda akiwa ameshika ufagio. Alikuwa ameelewa. Tangu astaafu, Taratibu alikuwa akikaa barazani kusikiliza injini za watu wengine, akizihukumu: hii imechelewa oili, ile mwenyewe haijui gia ya tatu. Gari la binti lilikuwa nafasi yake ya kurudi kwenye usukani, na pengine ya mwisho. Kwa hiyo alikuwa amekwisha piga hesabu zake kimyakimya. Gari dogo binti ataliendesha mwenyewe. La kati, kwa urefu wa boneti na upana wa mabega yake, litamtisha, na mtu akitishwa na gari hutafuta dereva. Basi akaenda yadi kama hakimu aliyekwisha andika hukumu nyumbani na sasa anakwenda tu kusikiliza mashahidi.

Muuzaji wa yadi alikuwa kijana wa suruali iliyobana na viatu visivyo na soksi.

"Shikamoo mzee! Karibu dada! Leo hamtoki hapa kwa miguu."

"Marahaba. Ufunguo uko wapi?"

"Haya hayana ufunguo wa kuzungusha, mzee. Unabonyeza kitufe."

"Kama kengele ya mlango?"

"Kama kengele."

"Na akitoka mtu kuuliza nani?"

Walianza na dogo. Taratibu alilizunguka, akapiga matairi teke, akafungua boneti akanusa. Muuzaji alijikunja kiti cha nyuma, magoti yakapanda karibu na masikio, akawa kama panzi aliyefungiwa kwenye kibiriti. Binti akashika usukani, na baba akakaa kando yake.

Ukweli lazima usemwe, hata kama unauma: gari lile lilimkubali binti. Kwenye mzunguko liligeuka kama sarafu. Sokoni lilipenya kati ya lori na mkokoteni wa vitunguu, na mwenye mkokoteni hakupata hata sababu ya kutukana. Binti akaliegesha mahali ambapo hata pikipiki ingebisha hodi. Kilimani lilihema kidogo, na kwenye tuta kila jiwe lilijitambulisha kwa jina, lakini binti alikuwa akitabasamu njia nzima.

"Baba, unafanya nini na mguu?"

"Naunyoosha."

"Mbona unaunyoosha kila nikikaribia taa nyekundu?"

Waliporudi yadi, Taratibu alishuka akajipangusa.

"Injini inalia kama cherehani," alisema. "Buti ni kabati la viatu. Na huyu bwana nyuma, nadhani ameharibika."

"Niko sawa, mzee," muuzaji alisema, akijinyoosha kiungo kimoja kimoja.

La kati lilikuwa jeupe, refu, lenye kujiheshimu. Taratibu alipoliona alirekebisha tai. "Hili naendesha mimi," alisema, na kabla mtu hajajibu alikuwa amekwisha kaa. Binti akakaa mbele. Muuzaji, kwa furaha ya mtu aliyetolewa jela, akajitupa nyuma kushoto, akanyoosha miguu, akainamia simu yake. Mlango ukajibu pu.

Mwanzo haukuwa mzuri. Mguu wa kushoto wa Taratibu, uliokanyaga klachi maisha yake yote, ulishuka kutafuta rafiki yake, ukamkuta breki. Muuzaji akabusu kiti cha mbele kwa paji la uso.

"Mzee, hili halina klachi! Mguu wa kushoto uache upumzike! Hauna kazi tena!"

"Na wenyewe umestaafu," binti akasema.

Lakini mguu uliponyamaza, mambo yalinyooka. Loo, gari lile! Matuta liliyameza bila kutafuna. Lori lilipopita kwa kasi, halikutikisika. Lilipisha tu, kama mtu mzima anayempisha mlevi. Ndani kulikuwa kimya, kimya kile cha zamani. Taratibu akainua macho kwenye kioo cha katikati. Nyuma kushoto kulikuwa na kichwa kimeinama, kinasoma.

Hapo ndipo mikono ikachukua kazi.

Njia waliyopangiwa ilikuwa fupi, hadi kituo cha mafuta na kurudi. Kituo cha mafuta kikaja, kikapita.

"Baba, tulitakiwa kugeuka pale."

Dereva hasikii. Taratibu alikata kulia kwenye taa, akapita nyuma ya posta, akashika barabara ya miti, akipunguza mwendo penye mashimo yaliyozibwa miaka mingi iliyopita. Binti alifungua mdomo tena, akamtazama baba yake usoni, akaufunga. Uso ule haukuwa wa mzee wa barazani. Muuzaji alikuwa akijibu ujumbe, haelewi dunia inakoelekea.

Mbele ya geti kubwa Taratibu alipiga honi mara mbili, fupi fupi. Mlinzi akakurupuka akafungua, maana honi ile ilikuwa na amri ndani yake. Gari likaingia, likasimama mbele ya ngazi bila kutikisa hata mate mdomoni. Taratibu alishuka, akazunguka kwa nyuma, akafungua mlango wa kushoto, akasimama wima.

"Tumefika, mheshimiwa."

Muuzaji aliinua macho. Mbele yake kulikuwa na duka la magodoro.

Ndiyo, magodoro. Lile jengo la shirika, ambalo zamani mtu alichomekea shati kwanza ndipo apande ngazi zake, sasa lilikuwa na vitanda mpaka barazani. Pale palipokuwa na kibanda cha madereva, ambapo drafti ilichezwa kwa vizibo vya soda na siri za serikali nzima zikajulikana kabla ya mawaziri, palirundikwa mito ndani ya nailoni.

"Tumefika wapi?" muuzaji aliuliza. Lakini mtu akifunguliwa mlango kwa heshima namna ile, mwili wenyewe hutoka. Akatoka. Wauza magodoro walipoona gari jeupe, dereva mwenye tai na bosi anayeshuka na simu mkononi, wakaja mbio.

"Karibu bosi! Mletee bosi kiti! Bosi, hili hapa ukilala, hata madeni yanakusahau!"

Muuzaji alisita kidogo, kisha akavuta kola. "Mnayo ya futi sita?" aliuliza kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo yadi.

Taratibu alibaki ameshika mlango. Alitazama ngazi, akatazama mito, akamtazama bosi wake mpya akijaribu godoro kwa makalio. Kisha akaufunga mlango polepole, na masikio yake yakawaka moto.

Binti alikuja akasimama kando yake.

"Baba, ulikuwa unampeleka nani?"

"Sijui. Mtu amekaa pale, mlango umefungwa."

Binti alicheka, akacheka mpaka akashika boneti. Halafu kicheko kikapungua. "Na mimi nikikaa pale nyuma asubuhi, mama mjamzito ananisubiri wodini, utanifikisha huko au kwenye magodoro?"

Lilikuwa swali la utani, lakini lilimwingia kama mwiba wa samaki. Taratibu aligeukia jengo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na jengo likabaki vilevile la magodoro.

"Haya," binti akasema. "Nilikuomba jicho lako. Lipi?"

Hukumu aliyokuja nayo ilikuwa tayari mdomoni. Ingetosha kusema "hili", na binti angelinunua, kwa sababu alimwamini. Taratibu alikohoa.

"Hili ni gari bora kuliko lile," alisema. "Mtu asikudanganye. Linameza mashimo, linanyamaza, buti lake unalaza mgonjwa. Lakini ni gari la mtu wa kuendeshwa. Pale hospitalini kwenu, kona ile ya jenereta mnapoegesha, utalikwaruza kabla hujajua jina la fundi rangi. Chukua dogo."

"Na dereva?"

"Dereva ni wewe." Alisema hivyo akitazama matairi. "Kwenye mzunguko umegeuka vizuri. Indiketa uliizima mapema, lakini umegeuka vizuri."

Kisha akampa kiti. Binti aliendesha lile la kati kurudi yadi, baada ya kumbandua muuzaji kutoka godoro la tatu.

Jumatatu, siku ya kwanza ya gari jipya, binti alimwomba baba yake aende naye hadi hospitalini, akamwonyeshe jinsi ya kuingia kwenye kona ya jenereta. Taratibu alikwenda na tai. Alikuwa ameandaa maelezo kamili: usukani huku, kioo hiki, subiri, rudi nyuma. Hakupata nafasi ya kutoa hata moja. Binti aliingiza gari kwa mkupuo mmoja, kati ya ukuta na jenereta, kama mkono kwenye mfuko. Baba akatazama kulia, kushoto, nyuma, akitafuta kosa. Hakuliona, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Akavuta kitasa ashuke. Mlango ukagonga ukuta.

"Pole, baba. Itabidi upite huku kwangu."

Basi mtu aliyeendesha wakurugenzi watatu akaanza kuvuka juu ya gia, miguu mbele, tai imenasa kwenye breki ya mkono, huku binti akimvuta viatu kutoka nje. Dirisha la wodi ya wazazi lilifunguka, mkunga akatoa kichwa.

"Dada! Huyo anatanguliza miguu! Tuje kusaidia?"

"Huyu tumemweza," binti alijibu. "Bado mabega tu."

Taratibu alitoka hatimaye, akasimama, akanyoosha shati kwa heshima zote zilizobaki duniani.

"Lile la kati lisingenifanyia hivi."

"Lile la kati, baba, lisingeingia hapa."

"Ndiyo nasema," alijibu mzee. "Tungekaa nje, kila mtu ashuke kwa mlango wake."