Ukiwa Majini Usiitike

Juzi nilirudi Uroa kwa arubaini ya bibi yangu, aliyemzaa mama. Hitma ilisomwa, watu wakala wali, wakatupa mkono wa pole, wakaondoka. Asubuhi yake nilikuwa nyuma ya nyumba nakosha masufuria. Ilikuwa bamvua, na bahari ilikuwa imekauka mpaka karibu na mwamba. Kule kwenye maji ya magoti nikamwona mgeni wa hoteli ameshika ufito mrefu mwembamba, anamfuata mtoto wa jirani yetu, ambaye siku hizi kazi yake ni kuwatembeza wageni wakavue. Mgeni alikuwa akiurusha mshipi nyuma na mbele kama anayefukuza nzi. Walipokaribia ufukweni nikaona kilichofungwa kwenye ndoana. Kilikuwa kijinyoya cheupe.

Nawe labda unacho kitu cha namna hiyo, ambacho ukikiona tu unarudi utotoni bila ya kutaka. Changu mimi ni unyoya. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka maji ya sabuni yakanikaukia.

Bibi alivua kwa unyoya wa jogoo. Aliuchagua mwenyewe, wa shingoni, mweupe, akaufunga kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea kofia. Wanawake wenzake walikwenda pwani kutafuta pweza na chaza, au kutanda dagaa kwa nguo, na walimcheka. Walimwambia kuku wake wataisha manyoya kabla bahari haijaisha samaki. Yeye aliwajibu kuwa kuku wake hawajalalamika. Kisha akarudi na changu wawili watatu kwenye pakacha, na siku ya bahati kolekole, na waliocheka wakaja kuomba kitoweo.

Samaki wa kwanza hakuwa wetu. Huyo alikwenda kwa jirani mjane, hata akiwa ndiye mkubwa. Waliobaki tuliwapaka ndimu na chumvi, tukawachoma kwa makumbi ya nazi, tukala na muhogo wa nazi. Mpaka leo harufu ya makumbi yanayoungua hunitia njaa, hata nikiwa nimeshiba.

Nilipofika umri wa kwenda naye, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliniona kama kivuli. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa na duka mjini, na kila akija alimtaka bibi aache pwani akakae naye kwenye nyumba ya ghorofa, Michenzani. Bibi alikuwa akimwuliza huko ghorofani maji yanakupwa saa ngapi. Mwisho walipatana: ataendelea kuvua maadamu nakwenda naye, lakini siku litakapotokea lolote, basi. Bibi akakubali. Mimi nilikuwepo, na niliona jinsi alivyolikamata bega langu, kama mtu aliyeshika mlango usifungwe.

Watu walidhani mimi ndiye ninayemwongoza. Ukweli ni kwamba aliniongoza yeye. Aliijua pwani kwa nyayo. Mchanga ukiwa laini kama unga alisema tupinde kushoto, pana shimo. Akikanyaga majani alisimama, kwa sababu changu hupenda ukingo wa majani. Alinifundisha kuburuza miguu, nisiinyanyue hata mara moja, kwa kuwa samaki taa hulala chini ya mchanga. Ukimgusa ubavuni kwa kidole atakwenda zake, lakini ukimkanyaga mgongoni atakupiga mwiba. Kisha aliinua ufito wake, akatupa mshipi, na mimi nikamwambia unyoya umeangukia wapi.

Na alikuwa na mwiko mmoja. Nchi kavu, mkubwa akikuita lazima uitike "Naam", tena upesi. Lakini ukiwa majini usiitike. Sauti inayokuita majini, alisema, si lazima iwe ya mtu, na ukiijibu umeipa njia. Aliurithi mwiko huo kwa mama yake, wala hakuutafutia sababu nyingine.

Basi Ijumaa moja tulichelewa. Samaki walikuwa wakila, na bibi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo nyumbani. Maji yalikuwa yameanza kujaa nyuma yetu, kwenye mkondo ulio baina ya mwamba na ufukwe. Bibi aliyasikia kwenye vifundo vya miguu. Alisema tunao wakati, na tulikuwa nao. Hapo ndipo sauti ikatoka ufukweni, inaita, "Mama! Mama!" Bibi alinibana bega. Ikaita tena, ikaniita na mimi kwa jina. Tuliendelea kuburuza miguu taratibu, kimya, kama tulivyozoea.

Alikuwa mjomba. Alikuwa ametoka mjini baada ya sala, na kanzu yake nyeupe. Alituona mbali, maji yanapanda, anaita na hatugeuki. Akaingia baharini vivyo hivyo, anakimbia, ananyanyua magoti kama mtu wa mjini. Tulisikia ukelele. Tulipomfikia alikuwa amekaa ndani ya maji, amejishika mguu.

Alikanyaga taa.

Jirani alitusaidia kumfikisha nyumbani. Bibi alichemsha maji, akautia mguu wake kwenye beseni, akawa anaongeza ya moto kila yakipoa. Mjomba maumivu yalipompungua alisema sasa limetokea, yamekwisha, hakuna tena pwani.

"Aliyekanyaga taa si mimi," alisema bibi.

Nilitaka kucheka, na nadhani mjomba naye alitaka. Badala yake akalia. Sikuwahi kumwona mwanamme mzima akilia.

"Nlikwita, mama," alisema. "Nlikwita mpaka sauti ikanikauka. Nkajua nshakukosa."

Bibi aliendelea kummiminia maji mguuni.

"Nlikusikia, mwanangu," alisema.

Hakuutetea mwiko wake. Kesho yake maji yalitoka vizuri sana, na mimi nikamletea pakacha. Akanambia nilitundike. Ufito akaupachika mwenyewe kwenye paa la jikoni, na hakuushusha tena maisha yake yote. Michenzani pia hakwenda. Alikaa barazani, na kila maji yakikupwa aliniuliza mchanga wa leo ukoje, nami, niliyekuwa na macho mazima, sikujua kumjibu.

Ufito ule umekwisha kwa mchwa. Palipokuwa na njia yetu ya kushukia pwani pana ukuta wa hoteli, na hapana tena anayeweza kunambia kwa nyayo nimefika wapi.

Asubuhi ile niliyaacha masufuria, nikakunja kanga, nikauzunguka ukuta, nikaingia majini. Niliburuza miguu. Yule mtoto wa jirani alikuwa akimwonyesha mgeni wake kuburuza vilevile, na sijui nani alimfundisha. Niliwapita, nikafika mpaka kwenye mkondo. Maji yalikuwa yameanza kugeuka.

Nikasikia naitwa kwa jina, kwa nyuma. Bega langu likakaza lenyewe, kama kwamba mkono bado upo. Nikaitwa tena. Nikageuka. Mjomba alikuwa amesimama ufukweni na mkongojo wake, mzee sasa, mkono juu ya macho, ananitafuta.

"Naam, mjomba," nikaitika, kwa sauti ya kumfikia.

Akashusha mkono, akakaa mchangani kuningoja.